Chaja moja kwa betri za volti 6, 12 na 24: nzuri, mradi volti uichague mwenyewe

Chaja ninayoieleza hapa ni ya ile aina inayouzwa siku hizi kwa majina mengi juu ya umbo lile lile: kisanduku cha plastiki chenye kioo cha tarakimu, vitufe viwili, feni ndogo kwa nyuma, na waya mbili zinazoishia kwenye vibano, kimoja chekundu na kingine cheusi. Boksi lake linaahidi kwamba itachaji betri za volti 6, 12 na 24, kwamba itaitambua yenyewe betri iliyounganishwa nayo, na kwamba inafaa kwa betri za maji, za jeli, za AGM na za lithiamu. Chaja mbili zinazofanana kwa nje si lazima zifanane kwa ndani, kwa hiyo sikutegemea maandishi ya boksi, bali nilipima kwa malitimita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia umeme, mambo ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuyapima. Nilichokiona ni kwamba chaja hii, ikishachaguliwa volti na aina ya betri kwa mkono, inachaji vizuri kuliko nilivyotarajia. Ikiachiwa ijiamulie, haiaminiki, na kosa lake linaweza kuiua betri ambayo bado ni nzima.

Inafaa kwanza kueleza ni kitu gani hasa kinacholinganishwa tunaposema kwamba volti ya chaja ilingane na ya betri, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye ganda la betri ni jina la kundi lake tu, wala si kiwango ambacho chaja inapaswa kukitoa. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli 6 zilizounganishwa kwa mfuatano, na kila seli iliyojaa na kutulia hutoa takriban volti 2.1, hivyo betri nzima ikijaa huonyesha volti 12.6 au 12.7, na ikishuka hadi 12.0 huwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Umeme huenda kutoka penye msukumo mkubwa hadi penye msukumo mdogo, kwa hiyo adapta inayotoa volti 12 kamili haiwezi kuijaza betri ya volti 12 hata ikiachwa usiku kucha; kinachohitajika ni msukumo unaozidi ule wa betri, yaani takriban volti 14.4 katika hatua ya kujaza, kisha 13.5 hadi 13.8 katika hatua ya kuitunza ikiwa imejaa. Chaja iliyoandikwa "12V" bila kueleza inafikia wapi na inashuka hadi wapi imetoa nusu tu ya taarifa. Kwa bahati mbaya, kijitabu cha chaja hii kina kasoro hiyohiyo: kinaorodhesha alama za kioo kwa michoro mizuri, kinarudia onyo la kutoweka kifaa kwenye maji, lakini hakuna mahali kinaposema volti ya mwisho ya kila hali. Hilo nililazimika kulipima.

Nilianza na betri ya maji ya gari iliyotumika kwa muda lakini bado nzima, nikafunga chaja kwenye volti 12 na hali ya betri za maji. Mwanzoni ilitoa mkondo wa karibu ampea 8 bila kupungua huku volti ikipanda polepole, na ilipofika 14.4 ikaishikilia hapo, mkondo ukaanza kushuka kadiri betri ilivyokuwa ikijaa, na mwishowe ikateremka yenyewe hadi 13.6. Huo ndio mwenendo sahihi kwa betri ya asidi. Jambo moja linaweza kumtatiza anayepima: wakati mkondo ni mkubwa, kioo cha chaja kilikuwa kikionyesha volti iliyozidi kidogo ile niliyoipata kwenye ncha za betri zenyewe, kwa sababu sehemu ya msukumo hupotea kwenye waya na penye vibano. Tofauti hiyo si hitilafu, na inayeyuka mkondo unapopungua. Mtu akitaka kujua betri inapokea nini, aweke ncha za malitimita kwenye nguzo za risasi za betri, si kwenye vibano, na asubiri hadi mwisho wa kuchaji.

Katika hali ya AGM, ambamo asidi imenyonywa na pamba ya nyuzi za kioo, chaja ilipanda hadi 14.7, kiwango ambacho watengenezaji wengi wa betri hizo wanakikubali ingawa kiko upande wa juu. Katika hali ya jeli ilisimama kwenye 14.1, na hapo ninaisifu bila kusita, kwa kuwa betri ya jeli ndiyo inayoadhibiwa zaidi na volti iliyozidi: gesi inayotokea ndani ya jeli huacha mapovu na nyufa ambazo hazizibiki tena, na kila ufa ni sehemu ya sahani ya risasi ya ndani ya betri isiyogusana na asidi. Betri ya maji iliyochemka inaweza kuongezwa maji yaliyotoneshwa. Ya jeli haina kifuniko cha kufungua wala haina dawa. Chaja nyingi za bei ya chini huzitia AGM na jeli katika kundi moja, na hii imezitenganisha. Kwa nini mtengenezaji hakuandika sifa hiyo mahali popote ni jambo linalonishangaza.

Sasa nije kwenye kile ambacho boksi linakitangaza kwa herufi kubwa kuliko zote, yaani kujitambulia volti. Chaja ya namna hii haina njia ya kujua betri ina seli ngapi. Inachoweza ni kusoma volti iliyopo kwenye vibano wakati wa kuunganishwa, kisha kubahatisha. Ikisoma 12 na kitu, itasema ni betri ya volti 12, ikisoma 25, itasema ni ya 24, ikisoma 6.2, itasema ni ya 6. Mambo yanakwenda sawa kwa betri zisizohitaji msaada mkubwa, na yanaharibika kwa zile ambazo ndizo hasa tunazozinunulia chaja. Betri ya volti 12 ambayo taa ilisahauliwa ikiwaka kwa siku kadhaa inaweza kushuka hadi volti 7, na nilipoiunganisha betri ya namna hiyo, kioo kilionyesha bila wasiwasi wowote kwamba kimepata betri ya volti 6. Chaja ikaanza kazi, ikafika volti 7.2, ambacho ndicho kiwango sahihi cha kuijaza betri ya seli 3, na baada ya muda mfupi ikatangaza kwamba betri imejaa asilimia 100.

Hatari ya tangazo hilo haionekani mara moja. Hakuna moshi, hakuna joto, hakuna harufu. Kuna betri tupu iliyopewa cheti cha kujaa. Mwenye gari ataifunga, injini haitawaka, naye atahitimisha kwamba betri imekufa na kwenda kununua nyingine. Akiiacha hivyohivyo kwa wiki chache, hitimisho lake litageuka kuwa kweli, maana salfeti ya risasi inayojitokeza kwenye sahani za betri iliyoisha hugeuka fuwele ngumu isiyorudi tena kuwa asidi na risasi kwa kuchaji kwa kawaida. Nilipoilazimisha chaja ileile kwa kitufe ifanye kazi katika volti 12, betri ileile ilikubali mkondo na kujaa. Kosa halikuwa kwenye umeme wa chaja, bali kwenye uamuzi wake.

Mtego huohuo upo kwenye volti 24. Betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano zikishuka sana zinaweza kutoa volti 14 au 15 kwa jumla, na chaja inayobahatisha ikazichukulia kama betri moja ya volti 12 iliyokaribia kujaa. Pamoja na hilo lipo jambo ambalo hata chaja iliyochaguliwa volti 24 kwa usahihi haiwezi kulitatua: inapima jumla tu. Volti 28.8 zinaweza kuwa 14.4 kwa kila betri, na zinaweza vilevile kuwa 13.6 kwa moja na 15.2 kwa nyingine, hasa kama moja ni mpya na nyingine imezeeka. Kwa betri za mfuatano ambazo hazilingani, ningependelea kuzitenganisha na kuchaji kila moja peke yake kwa volti 12, na chaja hii ikitumiwa hivyo haina tatizo.

Kinyume chake, yaani kuchagua volti kubwa kuliko ya betri, ndicho kinacholeta madhara ya haraka. Watu wengi hudhani kwamba chaja ya volti 24 ikifungwa kwenye betri ya volti 12 itaijaza haraka kisha ijizime. Haitajizima. Chaja ya kisasa hutoa mkondo usiobadilika hadi itakapoona volti yake ya mwisho, ambayo kwa 24 ni 28.8, betri ya seli 6 haiwezi kufika huko, kwa hiyo chaja itaendelea kusubiri huku betri ikipita volti 16, maji yakivunjwavunjwa kuwa hidrojeni na oksijeni, na sahani zikipata joto. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo inaweza kuwaka kwa cheche moja ya kibano kinachoondolewa. Chaja ninayoipitia ilikataa kuanza nilipochagua 24 kwenye betri iliyosoma volti 12.4, ikaonyesha alama ya kosa na kukaa kimya. Ulinzi huo nauthamini, ila unategemea kipimo kilekile cha mwanzo, na betri ya volti 6 iliyotoka kuchajiwa punde iko karibu mno na betri ya volti 12 iliyoisha kiasi kwamba nisingeukabidhi usalama wangu. Kuhesabu vifuniko vya seli kwenye betri ya maji, vitatu au sita, kunachukua muda mfupi na hakukosei.

Upande wa lithiamu unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu neno hilo moja kwenye boksi linafunika betri zenye volti tofauti kabisa. Seli ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye simu na kompyuta mpakato huitwa ya volti 3.6 au 3.7 na hujaa kwenye 4.2, na ustahimilivu wake ni wa takriban asilimia 1 tu, yaani volti 0.05 kwa seli. Seli yenye fosfeti ya chuma, ile ambayo lebo zake huandikwa LiFePO4, huitwa ya 3.2 na hujaa kwenye 3.65. Ukifunga seli 3 za aina ya kwanza unapata betri inayouzwa kama ya volti 12 ambayo mwisho wake ni 12.6, ukifunga 4 za aina ya pili unapata betri nyingine inayouzwa pia kama ya volti 12, lakini mwisho wake ni 14.6. Zote mbili zinaweza kuwa kwenye ganda jeusi la ukubwa mmoja. Hali ya lithiamu ya chaja hii ilifika 14.6 na kusimama, kwa hiyo ni ya LiFePO4 peke yake. Mtu akiifunga kwenye betri ya seli 3 za aina ile nyingine, kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.9, na kitakachobaki kati yake na moto ni saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, kama ipo na kama ni nzima. Mtengenezaji anayeandika "lithiamu" bila kutaja ni ipi ametenda uzembe ambao siwezi kuuita mdogo, na kwa sababu hiyo peke yake naipunguzia chaja hii alama nyingi.

Kwa wenye betri ya LiFePO4 ya seli 4, hata hivyo, habari ni njema kwa kiasi. Volti ni sahihi, na baada ya kujaa chaja ilikata mkondo badala ya kuendelea kuisukuma, jambo linalopendelewa kwa betri hizi ambazo hazihitaji kutunzwa kwa volti ya juu kama za asidi. Palipo na udhaifu ni kwenye betri iliyolala. Saketi ya ulinzi ikiona seli zimeshuka mno hukata mawasiliano, na kwa malitimita ncha zinasoma sifuri au karibu na sifuri. Chaja inayotafuta volti kabla ya kuanza haioni kitu na inakataa kazi. Chaja zenye uwezo wa kuamsha betri hutoa msukumo mdogo kwa muda mfupi ili saketi ifungue, lakini hii haina uwezo huo. Pia hakuna onyo lolote kuhusu baridi, ilhali betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu hujiganda juu ya ncha hasi ndani ya seli kama chuma badala ya kuingia ndani yake.

Zipo pia betri za volti 36 na 48 za baiskeli na pikipiki za umeme, ambazo chaja hii haidai kuzihudumia, lakini nazitaja kwa sababu ndizo zinazoonyesha waziwazi kwamba jina la volti halitoshi. Betri iitwayo ya volti 48 inaweza kuwa ya seli 13 za lithiamu na kujaa kwenye 54.6, inaweza kuwa ya seli 16 za LiFePO4 na kujaa kwenye 58.4, na inaweza kuwa betri nne za asidi zinazotaka 57.6. Plagi za chaja hizo mara nyingi ni za umbo moja na huingia kila mahali. Kwa betri hizo namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa kama volti ya kutoka kwenye chaja yenyewe, na ilingane na volti ya mwisho ya betri hadi nukta ya desimali. Simu ni suala jingine: saketi inayochaji iko ndani ya simu, na kile tunachokiita chaja ni chanzo cha umeme kinachokubaliana na simu kuhusu volti, ndiyo maana kimoja kinaweza kutoa 5, 9, 15 au 20 bila kudhuru kitu. Kibano cha chaja ya gari hakina mazungumzo ya aina hiyo.

Joto nalo hubadilisha volti inayofaa. Viwango vya betri za asidi kwa kawaida huandikwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayoongezeka hutaka kila seli ipunguziwe takriban milivolti 3 hadi 5. Betri ya seli 6 iliyo kwenye nyuzi 35 inahitaji punguzo la kati ya volti 0.2 na 0.3. Chaja hii ina kipimajoto, lakini kimewekwa ndani ya kisanduku chake chenyewe, karibu na feni, kwa hiyo kinapima jasho la chaja na si la betri. Ikiwa juani na betri kivulini itapunguza kupita kiasi, na ikiwa kivulini huku betri ikiwa ndani ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa itazidisha. Waya mmoja wa kipimajoto unaobandikwa kwenye betri ungemaliza tatizo.

Kuhusu ampea sina mengi. Kwa betri ya asidi, moja ya kumi ya ukubwa wake wa ampea-saa ni kiwango salama, kwa hiyo ampea 8 zinaifaa betri ya 80 hadi 100, na ni nyingi mno kwa betri ndogo ya pikipiki ya ampea-saa 5, ambayo chaja hii haina namna ya kuipunguzia mkondo. Vibano vinashika vizuri, waya ni fupi, ulinzi dhidi ya kugeuza chanya na hasi unafanya kazi bila kuunguza fyuzi, na feni inapiga kelele zaidi ya inavyostahili. Asilimia zinazoonyeshwa kwenye kioo zinatokana na volti tu na zinaruka bila utaratibu. Afadhali kusoma volti na kupuuza asilimia.

Kuna pia hali iitwayo ya kukarabati, inayokusudiwa kuvunja salfeti kwa mapigo ya umeme. Volti ilipanda kupita 15.5 wakati wa mapigo hayo. Hiyo ni volti inayoweza kuvumiliwa na betri ya maji iliyofunguliwa vifuniko, iliyoondolewa kwenye gari ili isiharibu vifaa vya elektroniki, na iliyo mahali penye hewa. Kwa jeli, AGM na lithiamu ni volti ya kuharibu. Chaja inakuruhusu kuiwasha hali hiyo hata ukiwa umechagua jeli, bila kuuliza mara ya pili, na kitufe chake ni kilekile cha kubadilishia aina ya betri, kinachohitaji tu kubonyezwa kwa muda mrefu zaidi.

Mwenye betri moja ya asidi ya volti 12 ya gari, ya maji au ya jeli, anaweza kuinunua chaja hii na kuifunga kwenye volti hiyo daima. Mwenye lithiamu atafute iliyoandikwa volti yake ya mwisho na idadi ya seli, na mwenye lori la volti 24 anunue chaja ya volti 24 isiyojua kufanya kitu kingine.